Wateja wangu watatu wamepigiwa na matapeli wanaojua majina yao yote. Nikihamia programu huria nitakuwa nimeziba tundu?

#1 SteshenariNyegezi
Habari za jioni wakuu. Nina stesheneri ndogo hapa Nyegezi, karibu na stendi. Kazi zangu mnazijua: kuchapa, kutoa kopi, kuskani, picha za pasipoti, barua za maombi ya kazi, ripoti za wanachuo wa Malimbe. Nina kompyuta moja ya mezani na laptopu moja. Zote zilipigwa windo (Windows) na kijana wa mtaani, za kukraki, yaani bila leseni, na Office iliyomo ni ya kukraki vilevile.

Ndani ya wiki mbili wateja wangu watatu wamepigiwa simu na mtu anayewataja majina yote matatu, anajifanya wa huduma kwa wateja, anawataka wamtajie namba ya siri. Mmoja kaliwa laki na themanini. Wote watatu walipita kwangu na kitambulisho cha NIDA. Aliyeibiwa hakunilaumu. Alikuja akakaa kwenye benchi akaniuliza, "Dada, ile karatasi yangu bado imo kwenye mashine yako?" Nikafungua folda. Imo. Imo pamoja na nyingine mia nne na kitu, tangu mwaka juzi. Tangu siku hiyo silali vizuri.

Mdogo wangu ananiambia nihamie programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kila mtu auone, kwenye kompyuta na kwenye simu. Fundi wangu anasema msimbo ukiwa wazi ndipo mwizi anauona mlango. Nani mkweli? Na je, ni mashine yangu iliyovujisha?

#2 Ngosha_Igoma
Mwangaluka. Dada, usihangaike mbali, ni hiyo kukraki. Ile programu ya kuvunja ufunguo wa Windows inakuambia nini kabla haijaanza kazi? Zima antivairasi. Unamwondoa mlinzi getini kwa ajili ya mgeni usiyemjua alikotoka. Baada ya hapo kila unachoskani anaweza kukiona.

#3 FundiMakoroboi
#2 unamtisha mtu bure. Nipo Makoroboi mwaka wa kumi na moja sasa. Tapeli hana haja ya kompyuta ya dada huyu. Chukua namba yoyote ya simu, fanya kama unaitumia pesa, jina la mwenye namba linatokea kabla hujathibitisha. Unasoma, unaghairi, hujatoa hata mia. Halafu unampigia: "Naongea na fulani bin fulani?" Mtu akisikia jina lake analegea. Ni walewale wa "ile hela itume kwenye namba hii", wamebadilisha mlango tu.

#4 Kauzu
Fundi, windo za kukraki unazitetea kwa moyo wote. Unapiga shilingi ngapi moja?

#5 FundiMakoroboi
Elfu kumi, na ukileta laptopu mbili elfu kumi na tano. Sijaficha. Mteja akija na hela ya leseni nitamwekea leseni kwa furaha, lakini hajawahi kuja.

#6 MwanaMalimbe
Pole sana dada. Mimi nimewahi kuchapa kwako, na vocha ya intaneti ilipoisha uliniunganisha kwenye simu yako, sijasahau.

Maelezo ya #3 yana ukweli, ila hayajibu swali moja: tapeli alipata wapi namba za watu watatu wanaopita stesheneri moja? Mimi naishuku simu yako. Umewahi kuweka programu ya mkopo? Nyingi zilikuwa zinaomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina yako yote, meseji na picha. Ukibonyeza kubali, orodha nzima inasafiri, na wateja uliowahifadhi kama "Juma NIDA" na "Mama Neema pasipoti" wanasafiri nayo.

#7 SteshenariNyegezi
Asanteni kwa majibu ya haraka.

#6 umenigusa. Niliweka moja mwaka jana wakati wa ada ya mtoto, nikakopa elfu hamsini. Nilirudisha kwa wakati nikaifuta. Iliomba ruhusa za kila kitu nami nikabonyeza kubali, kubali, kubali, kwa sababu mtoto alikuwa amerudishwa nyumbani. Na kuna jingine: wateja wengi wananitumia vitambulisho WhatsApp ili nivichape. Picha hizo zote zimo kwenye galari ya simu ileile. Sikuwahi kuzifuta.

#8 JiraniWaKisumu
Salamu kutoka ng'ambo ya ziwa. Hayo mambo ya mikopo ya simu sisi yalitutesa mapema. Shemeji yangu alichelewa kulipa siku mbili, wakapigia pasta wake, mwajiri wake na aliyekuwa mpenzi wake. Wote walikuwa kwa simu yake. Mwaka 2022 Benki Kuu ya Kenya ikatoa kanuni za wakopeshaji wa kidijitali, na kuanzia Mei 31, 2023 Google walikataza programu za mikopo kwenye duka lao zisiguse majina wala picha za mtu. Lakini ile inayokuja kwa kiungo cha meseji, unaipakua nje ya duka, hiyo haijui hilo katazo.

#9 Ngosha_Igoma
Kwetu pia Benki Kuu ilitoa orodha Novemba 2024, programu 69 za mikopo zisizo na kibali. Dada angalia kama yako imo. Ila bado nasimama kwenye #2.

#10 SeneneKavu
Wadau, swali la pili la mleta uzi limeachwa: msimbo wazi ni usalama au ni mlango wazi? Natunza seva kwa ajili ya riziki, nipo Bukoba, naomba nieleze.

Programu iliyofungwa ni kama mchuzi wa hotelini: unakula, hujui kilichomo. Huria ni mchuzi unaopikwa mbele yako. Haina maana kwamba ni mtamu, wala kwamba hautakuumiza tumbo. Ina maana kwamba mpishi akiingiza kitu cha ajabu, kuna mtu anaweza kumwona. Wewe hujui kusoma msimbo, sawa, na wengi wetu hatusomi. Lakini wapo wanaosoma, na wanasema hadharani.

Sasa upande wa fundi wake. Mwaka 2014 lilionekana kosa lililoitwa Heartbleed ndani ya OpenSSL, programu huria inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi sana duniani. Kosa hilo lilikaa wazi takribani miaka miwili na hakuna aliyeliona. Machi 2024 ikaja kubwa zaidi: mtu alijitolea kusaidia mradi mdogo unaoitwa xz, akafanya kazi nzuri zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa, kisha akapenyeza mlango wa siri. Aliyemnasa ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa nusu sekunde. Nusu sekunde tu. Akafuatilia mpaka akaufikia mzizi.

#11 Ngosha_Igoma
Basi hiyo xz inampa ushindi fundi wa dada.

#12 SeneneKavu
Hapana. Freund hakuwa mfanyakazi wa mradi ule. Aliweza kufuatilia kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwake kama ulivyo wazi kwako. Ingekuwa imefungwa, angelalamika kwa kampuni na kusubiri jibu.

#13 FundiMakoroboi
Na mimi naongeza: aliyepenyeza naye aliweza kwa sababu ulikuwa wazi. Mtego na panya vyote vimepita mlango mmoja. Hili halitaisha leo.

#14 BabuWaBwiru
Vijana, hamjambo. Nilifundisha shule za huku Ilemela mpaka nikastaafu, na habari hii ya programu huria si ngeni kama mnavyodhani. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Niliipata kwenye CD. Kwa mara ya kwanza niliona kompyuta ikiniambia "hifadhi" badala ya neno la kigeni, nikawaita walimu wenzangu waje kutazama. Ile OpenOffice ndiyo ilikuja kugawanyika mwaka 2010, ikazaliwa LibreOffice.

Binti, anza na LibreOffice hukohuko ndani ya Windows uliyonayo. Usivunje nyumba siku moja. Zoea mwezi mzima, ndipo uhame mfumo.

#15 MwanaMalimbe
Shikamoo babu. Naheshimu, ila hapa lazima niseme kilichonikuta. Nilipeleka tafiti yangu kuchapwa sehemu yenye LibreOffice. Kwenye laptopu yangu ilikuwa kurasa 68, kule ikawa 73. Jedwali limekatika katikati, yaliyomo yanasema sura ya nne ipo ukurasa wa 41 wakati ipo wa 45. Nilikuwa nimebakiza saa mbili kukabidhi. Wanachuo wataikimbia stesheneri ya dada.

#16 BabuWaBwiru
Marahaba mwanangu. Kilichokukuta ni fonti, si ofisi. Ulitumia Calibri au Cambria, na kule hazikuwepo, mashine ikachukua nyingine yenye herufi pana zaidi. Zipo fonti huria zilizochongwa kwa vipimo vilevile: Carlito inakaa mahali pa Calibri, Caladea mahali pa Cambria, na Liberation Serif mahali pa Times New Roman. Zikiwepo, mistari inakatika palepale. Na mwanachuo mwenye busara analeta PDF, hiyo haisogei popote.

#17 MwanaMalimbe
Calibri kweli. Asante babu, hilo sikulijua.

#18 MvuviWaUkerewe
Nami nachangia kidogo ingawa sina stesheneri. Huku Nansio mtandao unakuja na kuondoka kama mawingu. Nimeweka Organic Maps, inatumia ramani za OpenStreetMap, ule mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 ambao watu wa kawaida wanachora wenyewe. Unapakua Tanzania mara moja ukiwa na bando, baada ya hapo haikuombi intaneti wala haimwambii mtu upo wapi. Mwalo wetu haukuwepo, nikauchora mwenyewe na njia ya kwenda zahanati.

#19 Kauzu
Mvuvi na ramani ya barabara ziwani? Sangara wamehamia mtaa gani?

#20 MvuviWaUkerewe
Ya ziwani siitumii, na asiitumie mtu, haina vina wala miamba yote. Ni ya nchi kavu: namwelekeza dereva wa gari la dagaa apite wapi akitoka Daraja la Kigongo–Busisi. Tangu lifunguliwe Juni 2025 madereva wageni ni wengi.

#21 FundiMakoroboi
Turudi kwenye simu ya dada. Naona mtu anakaribia kumwambia afute Android yote aweke LineageOS, mfumo huria wa simu, kwa hiyo nasema mapema: angalia kwanza kama modeli yako imo kwenye orodha yao. Simu nyingi za bei nafuu tunazouziana hapa mjini hazimo. GrapheneOS, mfumo mwingine wa namna hiyo unaosifiwa sana, inawekwa kwenye simu za Pixel za Google tu. Kufungua buti, lile kufuli la kiwandani linalozuia kubadilisha mfumo, kunafuta kila kitu kilichomo, na ukimaliza unaweza kukuta programu ya benki inakataa kufunguka, inasema simu si salama. Nimeletewa simu tatu za namna hiyo, wenyewe wanalia. Huduma za pesa za nyota na reli zinaendelea kufanya kazi, ila mtu aliyezoea programu ya benki hataki kusikia.

#22 SeneneKavu
Hapo nakubaliana na fundi mia kwa mia. Dada, bakisha Android yako, badilisha vilivyomo.

Weka F-Droid, duka la programu huria, lipo tangu 2010. Halikudai akaunti, na programu ikiwa na tabia mbaya linaandika onyo pale pale. Ukiwa humo anza na kibodi. Watu wanasahau kibodi, na ndiyo inayopokea kila herufi unayoandika, pamoja na nywila. HeliBoard haina hata ruhusa ya kutumia intaneti, hata ikitaka kusengenya haina mdomo. Kisha galari na orodha ya majina za Fossify. Hizi zina historia: zamani kulikuwa na programu nzuri zilizoitwa Simple, mwishoni mwa 2023 mwenyewe akaziuza kwa kampuni nyingine. Kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, waliokuwa wakimsaidia wakachukua nakala wakaendelea nazo kwa jina la Fossify. Programu iliyofungwa ikiuzwa, nawe umeuzwa nayo. Nywila zako ziweke KeePassDX, achana na daftari la chini ya kaunta. Video na muziki unaijua VLC, iliyoanza kama kazi ya wanafunzi wa chuo kule Paris.

#23 Kauzu
Na WhatsApp je? Kuna jamaa alinihakikishia Telegram ndiyo salama, nikahama na ukoo mzima.

#24 SeneneKavu
Rudisha ukoo. Telegram mazungumzo ya kawaida hayajafungwa kutoka simu hadi simu, mpaka ufungue mazungumzo ya siri, na kwenye makundi hayapo. WhatsApp tangu 2016 inatumia mfumo uleule wa kufunga meseji unaotumiwa na Signal, programu nyingine ya meseji, yaliyomo yamefungwa. Tatizo ni pembeni yake: inajua unaongea na nani na saa ngapi, na nakala ya akiba inayokwenda Google haijafungwa mpaka uwashe mwenyewe. Signal ni huria na haikusanyi hayo, ila wateja wa dada hawapo huko. Kwa hiyo abaki WhatsApp, awashe meseji zinazojifuta baada ya saa 24, na azime kuhifadhi picha kwenye galari.

#25 Ngosha_Igoma
Swali kwa dada: WhatsApp unaifungua kwenye ile kompyuta ya mezani pia? Wateja wanaikalia hiyo kompyuta?

#26 SteshenariNyegezi
Ndiyo. Inabaki wazi kutwa. Mteja akitaka kuandika mwenyewe namwachia kiti nakwenda kwenye mashine ya kopi. Jamani.

#27 Ngosha_Igoma
Basi hata kukraki kwangu nakuweka pembeni kwa muda. Mtu anakaa dakika tano tu, anapiga picha kioo kwa simu yake.

#28 WakalaMkolani
Poleni na majukumu. Mnaongelea kompyuta, mimi ni wakala wa miamala na nasema tuangalie daftari. Kila anayetoa hela anaandika jina, namba ya simu, kiasi, wengine namba ya kitambulisho, anasaini. Daftari lipo wazi juu ya meza, na anayefuata anaandika chini ya mstari wa aliyetangulia. Ukisimama kwenye foleni unasoma watu kumi. Mimi sasa nafunika mistari ya juu kwa kadibodi. Wateja wa dada wanatolea wapi hela? Kama wote ni kwa wakala mmoja pale stendi, programu yoyote mtakayoweka haitasaidia.

#29 FundiMakoroboi
Hii ya daftari ni nzito kuliko zote. Na ya kwangu bado ipo.

#30 MwanaMalimbe
Ya kwangu pia. Sasa zipo tano: kukraki, jina kwenye muamala, programu ya mkopo, WhatsApp kwenye kompyuta, daftari la wakala.

#31 BabuWaBwiru
Nikumbushe pia sheria. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa ajisajili na asizishike muda mrefu kuliko haja iliyomfanya azikusanye. Binti, vitambulisho mia nne vya tangu mwaka juzi havina haja tena.

#32 Kauzu
Babu, yaani mama wa stesheneri naye ajisajili kama kampuni ya simu?

#33 BabuWaBwiru
Sheria haikuandika ukubwa wa duka. Aulize Tume yenyewe, si mimi. Kufuta haimlazimu kusubiri jibu.

#34 SteshenariNyegezi
Wakuu, nimerudi baada ya siku nne. Nilichofanya mpaka sasa:

Folda nimeifuta yote. Kila jioni kabla sijashusha shata nafuta ya siku hiyo, na mteja akitaka nimtunzie namwekea kwenye flashi yake. Laptopu nimempa FundiMakoroboi (ndiyo, tulionana, na hakunichaji), ameweka Linux Mint, mfumo huria unaochukua nafasi ya Windows, toleo jepesi la Xfce, na ameifunga diski yote kwa nywila. Ina RAM ya 4GB na inafunguka haraka kuliko ilivyokuwa. Windows 10 ilishaachwa kuhudumiwa tangu Oktoba 14, 2025, kwa hiyo sikuwa na cha kubembeleza. Flashi za wanachuo zenye vile virusi vya kugeuza folda kuwa njia ya mkato nazifungua hapo bila wasiwasi. Ya mezani bado ni Windows kwa sababu ya printa, na kwa sababu kadi za harusi zote nilizitengeneza kwenye Publisher. LibreOffice Draw inazifungua ila maua yanahama. Hilo linaniuma, kadi ndizo zinalipa kodi ya fremu.

Simu nimebadilisha kibodi, galari na orodha ya majina. WhatsApp ya kompyuta nimeitoa.

Sasa sikilizeni. Nimewatafuta wale watatu nikawauliza mmoja mmoja. Wawili wanatolea hela kwa wakala mmoja. Wa tatu hana wakala, anatumia benki. Na huyo wa tatu sikumskani wala hakunitumia chochote: alikuja kulaminisha tu, kitambulisho kimepita kwenye mashine ya joto kikatoka. Namba yake sina.

#35 FundiMakoroboi
Basi huyo ni wa #3. Jina kwenye muamala.

#36 WakalaMkolani
Na wale wawili ni wa #28. Daftari la wakala.

#37 MwanaMalimbe
Dada, kabla hujalaminisha hukutoa kopi kwanza? Wengi wanaomba kopi mbili ndipo walaminishe.

#38 SteshenariNyegezi
Nilitoa. Ya kwanza ilitoka na wino hafifu, nikairudia.

#39 Kauzu
Sitanii sasa. Kopi zikiharibika unazipeleka wapi?

#40 SteshenariNyegezi
Nampa mama wa karanga wa pale stendi, miaka yote. Anazikata vipande anakunja vile vikoni.

Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwomba rundo lote, nikamlipa, nikakaa nalo sakafuni. Nimekuta vitambulisho kumi na moja vya NIDA, vingine nusu, vingine kizima. Wa kulaminisha hayumo. Ila rundo la mwezi uliopita limeshauzwa lote na karanga.

#41 MvuviWaUkerewe
Mimi karanga nilinunua hapo stendi wiki iliyopita nikisubiri gari. Karatasi ipo kwenye mfuko wa koti. Ngoja niangalie.